Nafasi Juu ya Kichwa

Kaka mkubwa wa bwana harusi alinivuta kando kabla sijafungua mkoba wa kamera. Kanisa lile ni dogo, la mawe, limejengwa ufuoni mwa ziwa nje kidogo ya mji wa Homa Bay, na kiangazi hicho nyasi zake zilikuwa zinavunjika chini ya viatu. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mama yao ni mgonjwa, daktari amekwisha sema lake, na nyumbani hakuna picha yake ya maana. Kwa kuwa leo amevalishwa vizuri, nimpige moja peke yake. Hakutaja kazi ya picha hiyo. Kwetu huku mtu hazikwi bila picha kubwa mbele ya jeneza, na nimepiga nyingi zaidi za namna hiyo kuliko za harusi.

Nilikubali haraka, kama mtu aliyeombwa kusogeza kiti.

Nilimkuta hemani, gauni la kijani limemning'inia mabegani. Mawifi zake walikuwa wakimtania kwamba amekonda makusudi ili ampite bibi harusi kwa umbo. Mmoja akamwambia, "Wewe tulia, leo si siku yako." Alicheka nao. Nikamwomba aje kwenye ukuta wa nyuma wa kanisa, uliopakwa chokaa. Alikuja akiushika mkono wangu, akisimama kupumua, na njia nzima alinieleza jinsi alivyouza omena, dagaa wa ziwani, mpaka kitindamimba wake, huyu anayeoa, akamaliza chuo. Alitaka kitu kimoja tu siku hiyo: apigwe naye picha, wawili peke yao, kabla nguvu hazijamwishia.

Nikamwambia sawa. Kisha nikamweka ukutani. Nilimvua shali, nikamwambia ainue kidevu, asitabasamu sana, atazame kamera. Mikono yangu inaijua picha hiyo: kichwa na mabega, na juu panaachwa wazi kwa ajili ya maneno.

Nilipomaliza alitaka kuiona, nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera.

"Japicha," alisema, maana ndivyo wapiga picha tunavyoitwa huku. "Mbona umeacha nafasi hivi juu ya kichwa?"

Nikasema ni mtindo.

"Nimezika mume na watoto wawili. Usinifundishe mtindo." Hakuinua sauti. "Hii nitaenda nayo. Sasa niitie mwanangu tupige ya kubaki."

Mwanawe alikuwa pale mlangoni mwa kanisa akipeana mikono na wageni. Ningepaza sauti mara moja tu angekuja. Lakini kamati ya upande wa bibi harusi ilikuwa imeanza kuninung'unikia, wakitaka maharusi wapelekwe kwenye mawe ya ziwani kabla jua halijawa kali.

"Baadaye, mama," nikamwambia. "Baada ya keki."

Nilijua hangefika kwenye keki. Nilikuwa nimeushika mkono ule.

Kule ziwani nilifanya kazi nzuri. Upepo uliinua shela, nikawarudisha maharusi wapite tena juu ya mawe, na tena, mpaka nikaridhika. Tuliporudi, kaka mkubwa alikuwa amempeleka mama nyumbani kwa gari. Picha ya familia nzima tuliipiga bila yeye, na ni mimi niliyewaambia wasogeleane ili pengo lisionekane.

Alizikwa mvua zilipoanza. Watu waliisifu picha iliyokuwa mbele ya jeneza. Maneno yalienea vizuri pale juu ya kichwa.

Baada ya mazishi bwana harusi alikuja studio kwangu, mjini Awendo. Alikaa, akaniomba nifungue picha zote za harusi kwenye kompyuta, akazitazama moja moja hadi ya mwisho.

"Kaka aliniambia mama alikataa kupigwa picha na sisi," alisema. "Ati hampendi mke wangu."

Ningeweza kuliacha hapo. Kaka yake ni mteja wangu, na marehemu hasemi. Nikamwambia mama yake aliomba kwa kinywa chake, na mimi ndiye niliyemwambia asubiri.

Aliirudia ile picha ya familia nzima. Kisha akanieleza kwamba tangu harusi hakukanyaga tena kwa mama yake. Alikuwa akitumiwa watu wamwite, akijibu kwamba kazi ni nyingi. Habari za kifo alizipata kwa simu.

"Nimemnunia mpaka akafa."

Nikasema jambo la kipumbavu. Nilimwambia siku hizi kompyuta inaunganisha picha mbili, naweza kumtoa mama ukutani nikamweka kando yake, wala hakuna atakayejua.

Hapo ndipo aliponitazama usoni. Akasema nifute picha zote za harusi. Niliuliza kama mkewe amekubali. Akasema, "Futa." Nikafuta, naye akasimama nyuma yangu mpaka zikaisha.

"Na ile ya mama?" nikauliza.

"Hiyo ni kazi yako, baba. Baki nayo."

Aliaga kwa adabu, akafunga mlango polepole.