Barua Niliyomwandikia Mwalimu Filipo

Naikumbuka vizuri Jumapili ile niliyokaa kizingitini kwa mjomba wangu kule Temeke, karatasi juu ya goti, nikimwandikia Mwalimu Filipo uongo.

Mwanangu, umeniuliza kama Dar es Salaam ni salama kwa kijana anayekuja kusoma chuo kikuu. Nimeanzia kwenye barua hiyo kwa sababu swali lako niliulizwa zamani, nikalijibu vibaya. Kila mwaka matokeo ya mitihani yakitoka, wazazi wa kwetu kusini hunijia. Wanasema, wewe mzee umekaa mjini miaka yote, hebu tuambie. Nami huchoka kabla sijafungua mdomo. Si kwamba swali ni baya. Nachoka kwa sababu kila nikiulizwa namwona kijana mmoja aliyeitwa Rafaeli.

Wakati huo Mwingereza alikuwa bado anatawala. Chuo kikuu hapa hakikuwepo. Aliyemaliza shule za kwetu akataka kuendelea alibahatisha nafasi katika shule chache za mjini, na mie niliipata katika shule ya ualimu upande wa Chang'ombe. Mabweni yalikuwa hayatutoshi, hivyo nikakaa Temeke kwa Mjomba Lukasi, kaka yake mama, aliyekuwa kuli bandarini. Temeke ya siku hizo usiifikirie kama hii unayoiona. Nyumba zilikuwa za udongo, paa za makuti, na kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na mihogo na mikorosho. Asubuhi nilitembea kwa miguu mpaka shuleni, na mvua ikinyesha nilivua viatu nikavibeba.

Nilikuwa mwaka wa pili barua ya Mwalimu Filipo iliponifikia. Mzee huyo ndiye aliyenifundisha kusoma pale kijijini, karibu na Masasi. Aliandika kwamba mwanawe Rafaeli amepata nafasi katika shule yangu, na kwamba mama yake Rafaeli halali kwa wasiwasi. Watoto wengine wawili walikuwa wamefariki wakiwa wadogo, akabaki Rafaeli tu. Kisha akauliza, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni: "Wewe uko huko na unaona kwa macho yako. Je, mji ni salama? Niambie kama ambavyo ungemwambia mdogo wako."

Sasa sikiliza jambo ambalo nililijua na sikuliandika.

Miezi mitatu kabla ya hapo, Jumamosi moja asubuhi, nilikwenda Kariakoo kununua kalamu. Ghafla askari wakazingira mtaa. Serikali ya wakati ule ilikuwa haitaki Mwafrika aonekane mjini bila kazi. Aliyekutwa hivyo aliitwa mhuni, na mhuni alirudishwa kwao kwa lazima. Ukisimamishwa ilibidi uonyeshe karatasi, ama risiti ya kodi, ama barua ya mwajiri, ama ya shule. Barua ya shule nilikuwa nayo, lakini ilikuwa nyumbani, ndani ya Biblia. Nikakalishwa chini juani pamoja na wanaume wengine, mikono kichwani. Nikasema kwa Kiingereza kwamba mimi ni mwanafunzi. Askari mmoja, mtu wa rika la baba yangu, akanipiga kofi akaniambia Kiingereza hicho nikawafundishe mbuzi wa kwetu. Watu walicheka, hata waliokamatwa pamoja nami. Nilikaa pale mpaka alasiri, jirani mmoja aliyeniona alipompasha habari Mjomba Lukasi, naye akaja na ile barua.

Kofi lile lilipoa siku hiyo hiyo. Aibu ndiyo haikupoa. Kule nyumbani walidhani nimeshakuwa mtu mkubwa, na mama alikuwa akisoma barua zangu kanisani. Ningeandikaje kwamba nimekalishwa mavumbini nikaitwa mhuni? Tena, mwanangu, nisikufiche, nilikuwa mpweke. Nilimtaka Rafaeli aje.

Basi nikaandika: "Mji ni salama kabisa. Mimi hutembea popote nitakapo, na hakuna aliyewahi kunigusa. Mama asiwe na hofu."

Mjomba Lukasi alikuwa amekaa karibu, anashona kamba ya kiatu chake cha kazini. Alikuwa hajui kusoma sana, akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akakiweka kiatu chini, akauliza, "Na yale ya Kariakoo umeyaweka wapi?"

"Yale yameshapita, Mjomba."

"Yamepita kwako," akasema. "Huyo anayekuja bado hajayapitia. Mzee wa watu amekuuliza kwa heshima. Chukua karatasi nyingine uandike upya."

Nikasema nitaandika. Kesho yake nikaitia posta ileile.

Rafaeli alifika wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, na kikapu cha korosho alichopewa na mama yake. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti kila kibao alichokiona, iwe duka la Mhindi, iwe kinyozi, iwe onyo la serikali. Mjomba alimpenda mara moja. Barua yake ya kukubaliwa shuleni aliifunga kwa kitambaa akaiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya nguo. Baba yake alimwambia ikipotea hiyo, elimu yake imepotea. Nilimwona akiiweka. Maneno yalinifika mdomoni, kwamba karatasi hiyo mahali pake ni mfukoni mwako, usitoke hata kwenda kisimani bila hiyo. Lakini ningeyasema angeniuliza nimejuaje. Nikaufunga mdomo.

Jumanne asubuhi Mjomba alikwenda Mbagala kwenye msiba, akasema atarudi kesho. Rafaeli akataka kwenda kuona soko la Kariakoo.

"Twende wote, Kaka Stefano," akasema.

Nikamwambia nina nguo za kufua. Ukweli ni kwamba tangu siku ile sikupenda kukanyaga mitaa ya kule.

"Kuna kitu cha kubeba?" akauliza akiwa mlangoni.

"Cha kubeba nini? Nenda tu, barabara ni moja."

Maneno hayo nimeyasikia masikioni mwangu miaka mingi kuliko umri wa baba yako.

Mchana ukapita. Alasiri jirani yetu, Bi Mwajuma, muuza vitumbua, alirudi kutoka mjini akiwa na beseni lake bado limejaa. Akasema leo hapauziki, askari wamezoa watu Kariakoo nzima. Sikumuuliza zaidi. Niliingia ndani, nikafungua sanduku la Rafaeli, nikaichukua ile barua, nikatoka mbio.

Mwanangu, nilifika. Hili ndilo linalonichosha zaidi kulisema. Ningekuwa nimepotea njia, au nimezuiwa, ningelala vizuri. Nilifika mpaka mbele ya kituo cha polisi walichopelekwa. Ndani ya uzio niliwaona watu wameketi chini, nami nikiwa upande wa pili wa barabara. Barua yake ilikuwa mfuko wa kulia, na yangu mwenyewe, kwa kuwa mie nilikuwa nimeshafunzwa, ilikuwa mfuko wa kushoto. Kwa sheria zao wenyewe hakuna ambaye angenigusa. Lakini getini alisimama askari, amejaza mlango, na nilipomtazama shavu langu likawaka moto kama nimepigwa wakati ule ule. Nilisimama pale, sijui kwa muda gani. Kisha nikajiambia, Mjomba anarudi kesho, yeye ndiye mtu mzima, yeye ndiye anayejua kusema nao. Nikageuka nikarudi Temeke.

Mjomba alirudi asubuhi, na vumbi la msibani bado miguuni. Nilipomweleza hakukaa hata kunywa maji. Tulikwenda pamoja. Ofisini tulimkuta karani Mwafrika, mtu mpole, akatafuta jina kwenye daftari lake kwa kidole.

"Huyu amekwishaondoka," akasema. "Watu wa kusini wametolewa alfajiri kwa lori."

Mjomba akaweka barua mezani. Karani akaisoma yote, akaigeuza, akaisoma tena. Nikaona kweli imemgusa.

"Huyu ni mwanafunzi," akasema. "Huyu hakupaswa kuondoka. Jana barua hii ilikuwa wapi, mzee?"

Mjomba alinigeukia mimi. Na mimi nikasema, kwa sauti ndogo hata karani akaniomba nirudie, kwamba jana barua ilikuwa mfukoni mwangu.

Njia nzima ya kurudi Mjomba alitangulia mbele yangu. Tulipokaribia nyumbani alisimama, akaniambia, "Stefano, wewe mji haukukuumiza siku ile ya kofi. Umekuumiza sasa." Akaingia ndani. Hakulirudia tena jambo hilo mpaka alipokufa, wala hakuniondoa nyumbani kwake.

Tulijaribu. Mjomba alikwenda shuleni kuomba nafasi ishikiliwe, na mkuu wa shule akakubali kusubiri siku chache. Lakini lori lilichukua siku zake njiani, barua yetu ya posta ikachukua zake, na nauli ya kurudi ikawa kazi nyingine kwa mwalimu wa kijijini. Walipokuwa tayari, nafasi ilikuwa imeshapewa kijana mwingine. Mwaka uliofuata umri wa Rafaeli ulikuwa umepita.

Mwalimu Filipo aliniandikia mara moja tu. Alishukuru kwamba tulimpokea mwanawe vizuri. Akasema amefika akiwa mzima, ila ana homa. Hakuuliza lolote. Hakukuwa na neno hata moja la lawama, na nilitafuta, mwanangu, niliisoma barua ile nikitafuta lawama kama mtu anayetafuta maji.

Nilimaliza masomo, nikafundisha. Ilipita miaka saba ndipo nilipopata moyo wa kwenda kijijini kwao. Rafaeli alikuwa na mke, na shamba la mikorosho, na alikuwa akiweka hesabu za ghala la chama cha wakulima. Alinikaribisha vizuri. Mkewe alipotoka kwenda jikoni, akaniuliza kwa upole tu, "Kaka, wewe kule hukuwahi kukamatwa?"

Nikamweleza yote, ya kofi, na ya uzio pia. Alisikiliza akitazama uani. Nilipomaliza akasema, "Ilikuwa karatasi moja tu. Ningeibeba." Kisha mkewe akaleta ugali, akaninawisha mikono, tukala. Sikumwomba msamaha kwa maneno, maana nilihisi ningekuwa namtwisha mzigo mwingine wa kunibebea. Labda nilikosea hapo pia. Alifariki kabla sijarudi tena.

Basi umeniuliza, nami nitakujibu kama Mwalimu Filipo alivyotaka nimjibu. Mji huu si salama kabisa. Mtu yeyote atakayekuambia ni salama kabisa, hata akiwa mzee anayekupenda, muulize tena. Na wala si shimo la simba, maana watu wengi wamekuja hapa wakasoma na wakarudi makwao wazima. Siku hizi hakuna askari wa kukurudisha kwenu kwa kukosa karatasi, lakini yako mengine. Kuna wanaokodisha chumba kisicho chao kwa wageni watatu siku moja. Kuna njia za mkato za kwenda chuoni ambazo wenyeji hawapiti giza likiingia, ila mgeni hakuna anayemwambia. Kuna mkubwa atakayekuita ofisini ukiwa peke yako akutajie alama zako na bei yake, mlango umefungwa. Hayo nakuambia bila kupunguza, ili mama yako ayasikie kwangu na si kwa jirani.

Ukifika, watafute waliotangulia na usiwaulize kama mji ni mzuri. Waulize wao yaliwapata nini, na ukiona mtu anacheka na kubadilisha mazungumzo, ujue hapo pana jambo, subiri. Vitambulisho vyako vitembee nawe. Mtu mmoja, awe yeyote, ajue kila siku uko wapi. Na likikupata baya, liseme siku hiyo hiyo, hata kama wewe ndiye uliyekosea, hata kama litakudhalilisha mbele ya nyumba yenu. Usilikalie ukingoja lipoe. Halafu yuko atakayekuja mwaka ujao, atakuandikia akuulize. Mjibu yote. Usimpunguzie hata nusu ili wewe uonekane mkubwa. Na siku mwenzako akiwa ndani ya uzio na wewe una kitu cha kumtoa, vuka barabara. Vuka ukitetemeka, lakini vuka.

Nimesema mengi, na mkono umechoka. Mungu akuweke machoni pake asubuhi unapotoka na jioni unaporudi. Akupe walimu waadilifu na marafiki wa kweli. Elimu unayoifuata uipate, na wazazi wako waishi wakuone unaipata. Karibu Dar es Salaam, mwanangu. Ukishuka stendi nitakuwepo.