Mahojiano ya Alhamdulillahi

Binti yangu anasomea uandishi wa habari, na juzi alitakiwa arudi chuoni na mahojiano ama afeli. Akamwendea muuza vinyago mmoja mbele ya Ngome ya Yesu, nami nyuma yake najifanya nachagua kikoi.

"Biashara vipi, ami?"

"Alhamdulillahi."

"Na watalii?"

"Alhamdulillahi, mwanangu."

Simu yarekodi shukrani tupu! Binti akaelekeza kidevu kibanda cha pili. "Na jirani yako je?"

Mzee akasogeza kigoda. "Maskini yule! Tangu asubuhi hajauza hata kijiko. Huku twafa njaa sote, mwanangu!"

Akamwaga yote, hata ya kwake. Darasa zima lilimpigia binti makofi. Lakini walimu wasijisifu bure: kuchimba habari za watu amerithi kwangu mimi babake.