Njia ya Nasma, Ujiji hadi Bandarini

Mwaka 1996, boti za wakimbizi zilipokuwa zikiingia Kigoma karibu kila siku, Nasma binti Pazi alikuwa mkalimani kwenye kituo cha mapokezi karibu na bandari. Mama yake alikuwa Muha wa Kasulu, na Kiha hukaribiana sana na Kirundi, kwa hiyo Kirundi hakikumpa taabu. Alikaa Ujiji, na kazini alikwenda kwa miguu, mwendo wa saa moja na nusu, kwa kupenda mwenyewe.

Anatoli, dereva wa kituo, alikuwa akimsimamishia gari. "Panda, dada Nasma, vumbi litakumaliza."

"Tangulia, kaka. Tutaonana huko."

Aliipenda Ujiji ya asubuhi: nyumba kuukuu za udongo zenye milango ya nakshi, sauti za watoto wa madrasa, harufu ya mawese. Kila baraza lilikuwa na mtu wa kumwamkia. Akishapita mtaa wa Mwanga barabara huteremka, na ziwa lote huonekana, milima ya Kongo ng'ambo imeshapigwa na jua. Hapo husimama kidogo. Kazini, kutwa nzima ni kuwauliza watu wamepotezana na nani.

Siku moja alishuka botini msichana wa Rumonge, Burundi, jina lake Honorata, peke yake. Alisema ana shangazi aliyekimbilia Ujiji mwaka sabini na mbili, jina lake Verediana. Zaidi ya hapo hakujua kitu. Bonaventura, mkuu wa kituo, akasema wiki ijayo atapelekwa kambini na wenzake.

Kesho yake Nasma akaiacha njia yake, akapita vichochoroni akiuliza. Siku nne alizunguka, mpaka mtaa wa Buzebazeba. Verediana hakujulikana na mtu.

Siku ya tano, miguu imechoka, akarudia njia yake ya kawaida.

"Shikamoo, Mama Mwanvua."

"Marahaba. Ulipotelea wapi?" aliuliza yule mjane muuza mihogo, ambaye Nasma alimwamkia miaka yote.

"Namtafuta mtu wa Rumonge. Verediana."

Mkono uliokuwa ukigeuza mihogo ukasimama. "Nani anamuulizia?"

"Binti wa kaka yake."

Mwanvua akaepua karai. "Ndilo jina nililokuja nalo. Nilipoolewa na marehemu Abdul nikasilimu, nikaitwa Mwanvua. Waliokuwa wakiniita hivyo hawakubaki."

Wakaondoka pamoja. Magoti ya Mwanvua yalikuwa mabovu, wakapumzika mara sita, wakafika kituoni saa nne. Bonaventura alitazama saa, akawapisha mlangoni.

Mwanvua alimkazia macho Honorata. "Paji hilo ni la kaka yangu. Yuko wapi?"

Honorata akatikisa kichwa. Yule mama akaketi naye kwenye benchi, akamshika mkono. Akamuuliza kwa Kirundi kama amekula.

Karatasi zilichukua siku kumi na moja. Honorata akaruhusiwa kwenda kukaa kwa shangazi yake, akawa anamenya mihogo barazani. Nasma akipita humwamkia Mwanvua, naye siku hizi huitikia kwa Kirundi.