Rubani Anayejulikana kwa Kurudi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanamume mwenye kipara na miwani iliyofungwa kamba shingoni anachuchumaa chini ya bawa la ndege ndogo, akikinga mafuta kwenye gilasi. Anaiinua gilasi kwenye mwanga na kuikazia macho kama daktari anayesoma kipimo asichokiamini. Anatafuta maji. Maji hukaa chini ya mafuta, na injini ikinywa maji hukohoa, ikikohoa huzimika, na angani hakuna pembeni pa kuegesha.

Leo hakuna maji. Anahamia bawa la pili.

Kisha anachungulia kijibomba chembamba kinachopima kasi ya ndege. Nyigu hupenda kujenga humo. Nyigu mmoja na tope lake wanaweza kumfanya rubani asijue kama anakwenda kasi ya kutosha kubaki hewani. Rubani huyu amegombana na nyigu kwa zaidi ya miaka ishirini na hadhani kwamba anashinda.

Uwanjani wanamwita Geuza. Jina hilo halimo kwenye leseni yake, lakini ndilo linaloandikwa kwa chaki kwenye kikombe chake cha chai, na ndilo ambalo mnara wa kuongozea ndege humwitia kila anapokaribia. Alilipata kwa sababu hugeuza. Akiona wingu asilolipenda, hurudi alikotoka, hata abiria wawe wamechelewa harusi, mnada au kesi.

"Wenzangu wanasema mimi ni rubani mzuri wa kwenda nusu ya safari," anasema, bila kuonekana kuona ucheshi wowote humo.

Ndege si yake. Ni ya mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi ambaye kila mtu humwita Tajiri, naye Tajiri huitikia. Ina injini moja na viti sita, na rangi yake imebabuka kwenye mlango mahali ambapo abiria wote hushika wakati wa kupanda. Saa moja angani hunywa zaidi ya lita hamsini za mafuta. Wanaosifu uhuru wa angani, kwa kawaida, ni wale ambao hawajawahi kulipia mafuta hayo.

Tajiri mwenyewe alikuwa mmoja wao. "Nilinunua ndege ili nisisubiri," huwaambia wageni. "Sasa nasubiri nikiwa ndani ya ndege."

Wiki mbili zilizopita aliacha kusubiri. Amepata mnunuzi, na mnunuzi anakuja Jumatatu na rubani wake mwenyewe. Geuza aliambiwa habari hiyo dukani, kati ya mifuko ya saruji, na akaombwa achague zawadi ya kuagania. Hakutaka saa wala suti. Aliomba safari moja.

Safari yenyewe ni ya dakika arobaini, hadi mji aliozaliwa, ng'ambo ya milima. Abiria ni mmoja: dada yake.

Dada huyo, mwalimu wa ushonaji aliyestaafu, anafika na mfuko wa turubai mkononi na skafu ya bluu kichwani. Wanaishi mji mmoja, mitaa miwili jirani. Kwa miaka minne wamesalimiana misibani na harusini kama watu waliojuana zamani kazini.

"Hujambo, mdogo wangu."

"Sijambo, dada. Shikamoo."

"Marahaba."

Baada ya hapo inakuja mizani. Katika ndege ndogo kila mtu hupimwa na kila mzigo hupimwa, kwa kuwa uzito ukizidi, au ukikaa vibaya, ndege huinua pua au kuiinamisha bila kumuuliza rubani. Fundi wa uwanjani, mzee mwenye ovaroli lisilojulikana lilikuwa la rangi gani, ndiye msimamizi wa mizani.

"Panda, dada. Usijali, namba yako ni siri ya serikali."

"Nimekuja kupimwa au kusafiri?"

"Juzi mheshimiwa mmoja alinidanganya kilo ishirini. Ndege ikamuumbua mbele ya mke wake."

Anapanda. Fundi anasoma, hatangazi. Kisha mfuko unapimwa: kilo nne na kitu.

"Una mawe humu?"

"Kibao cha kaburi la mama," anajibu dada, na fundi anakumbuka ghafla kazi aliyoiacha ndani ya banda.

Miaka minne iliyopita, msimu wa mvua, mama yao aliugua akiwa kwake, ng'ambo ya milima. Barabara huzunguka milima yote na hula siku nzima. Tajiri alitoa ndege bila kuombwa mara mbili. Geuza alimpakia dada yake kiti cha nyuma, akamvalisha hedifoni ili kelele za injini zisimuumize, wakaruka.

Njia ya angani hupita kati ya milima miwili, mahali marubani wa hapa hupaita Mlangoni. Kabla ya Mlangoni, bondeni, kuna kiwanda cha mbao chenye paa jeupe la bati. Utaratibu ni wa zamani na hauna mjadala: ukifika juu ya paa lile, lazima uwe unaona mwanga wa upande wa pili. Usipouona, geuza papo hapo. Ukipita paa, bonde hubana, na nafasi ya kugeuza huwa imebaki nyuma yako.

Alifika juu ya paa. Hakuona mwanga. Akageuza.

"Alinisihi," anasema Geuza. "Alisema, 'Mdogo wangu, mbele hapo peupe, napaona.' Kila abiria hupaona peupe."

Saa moja baada ya kutua, wingu lilifunguka. Rubani mwingine, kijana aliyebeba vipuri vya pampu, alipita Mlangoni bila hata kukunja uso, na akatangaza redioni kwamba ng'ambo ni kweupe kabisa. Wakati huo Geuza na dada yake walikuwa ndani ya gari la kukodi, barabarani. Walifika usiku. Mama alikuwa amefariki jioni.

Jirani aliyemuuguza aliwasimulia kwamba mchana kutwa mama alikuwa akiwaomba watu wanyamaze ili asikie injini. Kwa miaka mingi, kila Geuza alipopita juu ya nyumba ile, alitikisa mabawa, na mama alitoka uani na beseni lake la nguo, akawaambia majirani kwamba ile ni ya mwanawe, anaijua inavyokohoa. Mara nyingine ilikuwa ndege ya mtu mwingine kabisa. Hakuna aliyemsahihisha.

"Hakuwahi kupanda," anasema Geuza. "Kila likizo nilimwambia, mama, tutapanga siku. Nimebeba matairi, nimebeba vifaranga, nimebeba mbwa wa Tajiri kwenda kwa daktari wa mifugo. Mama tulikuwa tunapanga."

Anaweza kuitetea siku ile mbele ya baraza lolote. Ameitetea mbele ya dada yake kwa mabakuli ya chai: hili mlima, hili mlima, kijiko hiki ndio sisi. Dada alikisikiliza kijiko hadi mwisho, akaondoa vyombo, akaviosha.

Marubani wenzake humwambia hana la kujutia. Anakubali, na anajuta. "Ningepita, pengine tungefika. Pengine wangekuja kutuokota kwa magunia. Nimeziishi siku zote mbili, ile ya kufika na ile ya magunia. Hakuna hata moja iliyonipa usingizi."

Asubuhi hii, akimfunga dada yake mkanda, safari hii kwenye kiti cha mbele, anaanza tena.

"Dada, siku ile wingu lilikuwa limeshuka mpaka..."

"Ulicheka," anasema dada.

Mikono ya rubani inasimama kwenye mkanda.

"Nilicheka wapi?"

"Tukirudi. Mimi nalia huku nyuma. Yule mtu wa redio akakuuliza, 'Geuza, umesahau sufuria jikoni?' Ukacheka. Nilikusikia, ulikuwa umenivalisha hivi vidude masikioni. Kugeuza sikuwahi kukulaumu, mimi siyo mtoto. Lakini ulicheka, mdogo wangu. Mama anakata roho, wewe unacheka na watu."

Geuza hakumbuki kucheka. Si ajabu: hakumbuki pia kupumua. Sauti ya rubani redioni ni sehemu ya vifaa vya ndege. Mwalimu wake wa kwanza alimfundisha kwamba mnara ukisikia hofu, huanza kukuongoza kama mgonjwa, na mtu anayeongozwa kama mgonjwa huugua. Kwa hiyo rubani hujibu utani kwa utani hata injini ikiwa inatema moshi. Waliomo kwenye kazi hiyo huuelewa utani huo kuwa ni taarifa: nipo, nina akili zangu, endelea. Hakuna aliyewahi kufikiria abiria mwenye hedifoni.

Miaka minne alikuwa akijibu swali ambalo hakuulizwa.

Anamaliza mkanda, anazunguka, anapanda.

Ndege inakimbia, inatetemeka kwa kila msumari wake, kisha magurudumu yanaiacha ardhi na mtetemeko wote unakatika mara moja. Ni hapo, Geuza hukiri, ndipo ilipo raha yote. Kinachofuata ni kazi. Chini, kivuli cha ndege kinapanda mapaa na kushuka mitaro bila kujikwaa. Dada anakitazama kivuli hicho kwa muda mrefu. Mfuko ameupakata.

Bonde linakuja, na kiwanda cha mbao, na paa jeupe. Mbele yake, Mlangoni, pameziba kwa wingu la kijivu, zito, lililotulia kama lililopangishwa hapo.

Geuza analitazama paa likipita chini ya bawa. Hamwangalii dada yake.

"Dada, nageuza."

"Naona."

"Nisamehe."

Anakunja usukani, na milima inazunguka polepole hadi inakuwa nyuma yao. Dada haombi chochote safari hii. Anashika mfuko kwa mikono miwili.

Wanapokaribia uwanja, Geuza anaita mnara. Mwongoza ndege ni yuleyule wa miaka yote, mtu mwema ambaye hakuna aliyemweleza lolote.

"Geuza! Mapema hivi? Pasi umeiacha kwenye moto?"

Geuza hajibu. Injini inaunguruma. Katika hedifoni kuna mchakacho mtupu, unaoendelea kupita kiasi kinachovumilika redioni.

"Geuza, unanisikia?" Sauti imebadilika. "Geuza, toa hali yako."

"Nakusikia," anasema Geuza hatimaye. Sauti yake ni nzito na haina umbo la kawaida. "Nipo na dada yangu. Tulikuwa tunakwenda kwa mama. Pamefungwa."

"Nimepokea," anasema mwongoza ndege, na kwa mara ya kwanza anasahau kumpa habari za upepo.

Wanapogusa ardhi, gari la zimamoto liko kando ya njia ya kurukia, taa zikizunguka, dereva amevaa kofia ya chuma kichwani na kandambili miguuni. Gari hilo halikuwa limetoka bandani tangu lilipopakwa rangi.

"Lile la nani?" anauliza dada.

"Limetujia sisi."

"Kuna nini?"

"Sikucheka," anasema Geuza.

Dada anamtazama yule dereva wa kandambili, anamtazama mdogo wake, kisha anajifunika mdomo kwa ncha ya skafu. Mabega yake yanatikisika. Alikuwa akicheka au akilia, Geuza hakuuliza, na haikuwa sehemu ya taarifa ambayo mtu mwingine yeyote alistahili kupewa.

Kwenye banda la ndege, fundi anakuja na gilasi yake ya chai na uso wa kutojua lolote.

"Nusu safari tena?"

"Nusu safari."

Inabaki nafasi moja, Jumamosi. Tajiri, aliyepigiwa simu, ameguna na kukubali, kwa sharti kwamba mafuta yasizidi ya leo. Jumatatu funguo zitakabidhiwa. Geuza ana umri ambao wenye ndege humwita rubani "mzoefu" na kuajiri mwingine. Kuna chuo kinachohitaji mtu wa kufundisha darasani, ubaoni, pasipo injini. Amesema atafikiria, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufikiria.

Kuhusu Jumamosi ana mpango mmoja: kufika juu ya paa jeupe asubuhi, kabla mawingu hayajaamka vizuri. Akiona mwanga, atapita, na juu ya ile nyumba, ambamo sasa wanaishi watu wengine, atatikisa mabawa. Asipouona, atageuza. Hakuahidi zaidi ya hapo, na dada hakuomba zaidi ya hapo.

Dada anakataa kusindikizwa; kwake ni karibu. Anarekebisha skafu, anamuaga fundi, anatembea kuelekea getini mikono mitupu.

Fundi ndiye anayeuona mfuko wa turubai kwenye kiti cha mbele.

"Dada kasahau mzigo! Nimkimbilie?"

Geuza anamtazama dada yake akipita getini bila kugeuka.

"Hakusahau," anasema, na anauzungushia mfuko mkanda wa kiti, taratibu, kama anavyomfunga abiria.