Paa la Mama Mkwe

Mwaka juzi upepo wa ziwa ulibeba mabati sita ya nyumba ya mama mkwe kule Lupingu na kuyatua kwenye mihogo ya jirani. Mke wangu akataka mama ahamie kwetu Njombe. Mama, ambaye huihesabu baridi ya Njombe kuwa ugonjwa kamili, alikubali kwa sharti: mabati yarudishwe, na upepo ukiyang'oa tena atapanda gari bila kubishana.

Nikajitolea kwenda kuyarudisha na kuifunga nyumba kwa waya kabla ya mvua. Ndugu walisifu upendo wa mkwe. Ukweli ni kwamba chumba chetu cha wageni ndicho chenye vitabu vyangu na meza ninayoandikia, na nilikuwa na sababu zangu za kuliombea maisha marefu paa la Lupingu.

Nilisoma habari za dhoruba kwa wiki mbili, nikachora michoro, nikanunua waya na plaizi ya kuukazia huko Makambako. Shahada zangu zote mbili ni za historia. Nilichokielewa ni kwamba misumari peke yake haitoshi. Kila kenchi, ule mbao unaobeba mabati, hufungwa kwa waya unaopitishwa kwenye tundu la ukuta, kisha unakazwa. Nyumba haina dari, kwa hiyo kazi hufanyika ndani, mtu akiwa juu ya stuli.

Jirani, mvuvi aliyekuwa anashona wavu wake, alinitazama nikiingia na kutoka asubuhi nzima.

"Mwalimu, hiyo nyumba inataka kukimbia?"

"Upepo ndio unataka kuikimbiza."

"Basi ifunge miguu yote. Mbuzi ukimfunga miguu mitatu, anaondoka na kamba yako."

Nyumba ina vyumba vinne. Nilifunga sebule, stoo na chumba cha watoto. Cha nne ndicho anacholala mama mkwe, na kwetu mwanaume haingii humo. Mimi na mama tumezungumza vizuri kwa miaka ishirini na miwili, kukiwa na ukuta kati yetu. Nikiingia kwa mlango wa mbele, yeye hutoka kwa wa nyuma. Mke wangu, ambaye angeweza kuingia, alikuwa Njombe kazini.

Siku hiyo, Jumatano, mama alisema kutoka jikoni, uani, "Baba, mimi naenda kanisani. Nitarudi jioni." Akaondoka, akauacha mlango wa chumba chake wazi. Nikaurudishia, kwa heshima. Nikajiambia kwamba kenchi mbili za humo haziwezi kuziponza saba nilizokwisha kufunga.

Jioni nilimwambia kupitia ukutani, "Mama, kazi imekwisha."

"Umechoka, baba. Ule ugali."

Mvua zilipoanza, dhoruba ilikuja na kung'oa paa la chumba kile peke yake. Mpaka kati ya waya wangu na heshima yangu ulionekana wazi hata kutoka barabarani. Mama alikuwa jikoni, hakuumia. Alipanda gari bila kubishana, kama alivyoahidi.

Akapewa chumba cha wageni. Kuanzia siku hiyo kilikuwa chumba cha mama mkwe, na vitabu vyangu vikawa upande wa pili wa mila. Niliandikia mezani pa chakula, na nikihitaji kitabu nilisimama nje ya mlango.

"Kile chekundu, mama. Kinene."

"Vyekundu viko vinne, baba, na vyote vinene. Hivi unavisoma kweli?"

Hakulalamika. Alivaa masweta mawili, akakaa karibu na jiko la mkaa, na akawa anamuuliza kila aliyepanda kutoka wilayani kwao, Ludewa, kama ziwa limetulia. Mke wangu aliniambia mama halali. Chakula alikuwa anakionja tu.

Alasiri moja aliniita kutoka chumbani.

"Baba."

"Naam, mama."

"Siku ile hakukuwa na ibada."

Nikasogea karibu na mlango.

"Nilikaa kwenye benchi mchana kutwa. Nilikuwa nimesogeza kitanda, nikaacha mlango wazi."

"Niliurudishia, mama."

"Nilikuta umeurudishia."

Nilisikia kitanda kikilia alipogeuka. Kisha akasema, "Sasa nipo huku. Chumba kile hakina mwenyewe."

Wiki hiyohiyo niliteremka Lupingu na mabati mapya. Jirani aliniangalia nikishusha waya.

"Mbuzi wako ameondoka na mguu mmoja tu," alisema. "Una bahati."

Chumba kilikuwa kitupu, na juu yake palikuwa na mawingu. Nilivua viatu mlangoni, nikapiga hodi.

"Ingia tu, mwalimu," jirani alijibu kutoka nje. "Mvua imeshatangulia."

Kufunga kenchi mbili kulichukua nusu saa. Mama alirudi kwake kabla ya Pasaka, nami nikarudi kwenye vitabu vyangu vyekundu. Siku hizi, mvua zikikaribia, hunipigia simu kuniambia kwamba Jumatano atakuwa kanisani mchana kutwa. Nachukua plaizi.