Jino la Mbele la Mke wa Mtu

Juma lililopita nilikuwa na wagonjwa wengine kwenye benchi la daktari wa meno hapa Tanga, nikingoja kung'olewa gego. Ndani, nyuma ya pazia lililofungwa nusu, alikuwamo mwanamke wa mtaa wa Mabawa pamoja na mumewe. Jino la mbele la mwanamke lilikuwa limevunjika nusu.

"Ulianguka wapi, mama?" daktari alimwuliza.

"Aliteleza kisimani," mume akajibu. "Ijumaa dada yangu anaolewa, na wageni watatoka mbali, hata Moa. Lizibe lionekane zima. Sitaki maneno ya watu."

Daktari alilijazia jino saruji nyeupe, akalisugua mpaka likafanana na mengine, kisha akampa mwanamke kioo. Alijitazama kitambo, wala hakutabasamu.

"Limependeza," daktari akasema. "Lakini saruji hii haina nguvu, mama. Likigongwa mara moja tu, litatoka."

"Mwambie huyu," mwanamke akajibu, akimnyooshea mumewe kidole. "Mimi sijawahi kuligonga."

Mume akacheka, akamshika mkono wakatoka. Alitutolea salamu njema sisi wa benchini, nasi tukaitikia vizuri.

Mzee aliyeketi ubavuni mwangu akamsindikiza kwa macho. "Wanaume kama yule ni adimu," akasema. "Wangapi humleta mke kwa daktari?"

Benchi zima likaafiki. Nami, ambaye gazeti hili hunilipa ili niseme, nilishika shavu langu linaloniuma, nikaitikia kwa kichwa.