Shikamoo ya Mama Mdogo

Niliporudi kijijini kwetu Gitting nilikuwa na vitu viwili ambavyo kitongoji chetu hakikuwa navyo: nyumba ya bati la bluu niliyoijenga kwa jasho langu mwenyewe, na stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu. Stashahada niliitundika sebuleni, mkabala na mlango, ili hata aliyekuja kuomba chumvi aione.

Kwa hiyo zilipokuja fomu za vitambulisho, nani mwingine angewajazia wazee? Mama hakujua mwaka aliozaliwa. Uhuru wenyewe ulimkuta akipalilia mahindi, akaambiwa jioni. Alijua tu kwamba Waingereza walimchukua baba yake vitani yeye akiwa bado tumboni. Jirani yetu, ambaye tangu utotoni namwita mama mdogo, alisema alizaliwa nzige walipomaliza mtama, kabla vita haijasikika. Nikapiga hesabu kwa kalamu nyekundu, nikatangaza mbele ya foleni nzima:

"Mama mdogo ndiye mkubwa! Na si kwa mwaka mmoja wala miwili."

Nilisubiri pongezi. Watu wote wakageuka kumtazama mama. Mama mdogo alikuwa akimwamkia mama shikamoo kila asubuhi tangu Operesheni Vijiji ilipomhamishia kitongojini kwetu, na mama aliitikia marahaba yenye kusikika hadi kwenye mashine ya kusaga.

Siku tatu mama hakutoka nje. Hata kanisani hakwenda.

"Nimekula heshima ya mkubwa wangu miaka hamsini," alisema, "na aliyenivua nguo hadharani nimemzaa mwenyewe."

Siku ya nne alijifunga kitenge cha Jumapili, akaniamuru nimfuate. Tulimkuta mama mdogo uani, akipepeta maharage.

"Shikamoo, dada," mama alisema, ameinama.

"Shikamoo," akajibu mama mdogo.

"Nimekuamkia mimi. Itikia."

"Siitikii. Umri wangu niliujua zamani. Walipotuhamishia hapa, mimi na wanangu hatukuwa na hata nguzo moja. Nani alitupisha ndani masika yote, yeye akalala na ndama? Huyu mwanao aandike tarakimu zake. Shikamoo ni yangu, nampa ninayemtaka. Shikamoo!"

"Shikamoo wewe, mkubwa wangu."

"Shikamoo!"

Wakasimama hivyo, bibi wawili wameinamisha vichwa, hakuna anayeitikia. Tangu utotoni nimefundishwa kwamba shikamoo haiachwi hewani.

"Marahaba," nikasema.

Waligeuka wote wawili kunitazama mimi, mtoto wa miaka ya vita vya Kagera. Mama mdogo ndiye aliyeanza kucheka, hadi ungo ukamponyoka. Mama akafuata, ameshika mbavu. Mwenye stashahada alipiga magoti kuokota maharage.

Siku hizi kitongoji kizima kinaniita Babu. Lakini asubuhi iliyofuata siku ile ya maharage, nikiwa bado kitandani, nilisikia shikamoo mlangoni, na marahaba ya mama ikafika hadi kwenye mashine ya kusaga.